Mshumaa wa Lady Macbeth

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi sana. Barua yako nimeipata, na hongera kwa kupewa nafasi ya Lady Macbeth, mke wa Macbeth katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Macbeth. Unalalamika kwamba Shakespeare amekuruka: Tendo la Kwanza mwanamke ni chuma, Tendo la Tano anatembea usingizini akisugua mikono, na katikati hakuna daraja. Daraja lipo, shoga, ila limejengwa kwa mistari michache ambayo waigizaji huipita mbio.

Anza usiku wa mauaji, Macbeth na mkewe wanapomwangamiza mfalme, mgeni wao. Yeye ndiye aliyewalevya walinzi na kuyaweka majambia tayari. Lakini anatamka kwamba lau mfalme asingefanana na baba yake alivyolala, angemuua mwenyewe. Usiikazie sauti sentensi hiyo, iache iponyoke. Ufa wa kwanza ni huo. Muda mfupi baadaye anayarudisha majambia chumbani, anatoka na mikono iliyolowa damu, na kusema maji kidogo tu yatawatakasa. Hayo "maji kidogo" yatamrudia.

Sasa nenda Tendo la Tatu, onyesho la pili. Kwa mistari minne tu, akiwa peke yake, anakiri kwamba wametumia kila kitu na hawana kitu, na kwamba afadhali kuwa yule waliyemwangamiza kuliko kuishi na furaha yenye mashaka. Macbeth anaingia, naye papo hapo anabadilisha uso na kumwambia yaliyopita yamepita. Watazamaji lazima wauone uso ukibadilika. Baada ya hapo mume anamficha njama ya kumuua Banquo, rafiki yake, anamwita kwa jina la mapenzi na kumwambia abaki bila kujua mpaka kazi iishe. Kwangu mimi, hapo ndipo anapovunjika. Hatia alikuwa nayo tangu mwanzo na aliimudu, kwa sababu walikuwa wawili. Sasa mshauri mkuu amewekwa nje ya mlango.

Kwenye karamu anajitutumua mara ya mwisho, anawatuliza wageni, kisha anawafukuza. Wakishatoka, yule aliyekuwa akimkaripia mumewe hakaripii tena. Majibu yake ni mafupi, na la mwisho ni kwamba mume anakosa usingizi. Tendo la Nne lote hayupo.

Kutembea usingizini ndiko kunakoharibiwa zaidi, kwa sababu wengi huingia wakiwa wendawazimu tayari. Usifanye hivyo. Sikiliza anachosema: anahesabu moja, mbili, kama mlio wa kengele, anamkemea mume, mwanajeshi gani mwenye hofu, anamwagiza anawe mikono na avae nguo za kulalia. Yuko kazini! Kila usiku aliousimamia umerundikana katika usiku mmoja, bila mpangilio, na ndani yake kuna mtu ambaye Lady Macbeth hakuhusika kabisa na kifo chake: mke wa Macduff, mkuu aliyempinga Macbeth. Mstari huo useme polepole kuliko yote.

Angalia pia kwamba hapa anaongea nathari, maneno ya kawaida yasiyo ya kishairi, yeye ambaye kwingine kote hotuba zake zina mizani ya mapigo matano. Kama mnatumia tafsiri ya Kiswahili ya S. S. Mushi ya mwaka 1968, ilinganisheni na Kiingereza hapo, msije mkaipoteza tofauti hiyo.

Kuhusu mikono: mhudumu wake anasema amewahi kumwona akinawa hivyo robo saa nzima. Jukwaani huwezi, lakini sugua kama mtu aliyezoea, bila papara. Doa la damu analoliona mkononi ni la macho, ila baadaye inakuja harufu ya damu, na hapo inua kiganja puani, usikitazame. Anaposema manukato yote ya Uarabuni hayatautia uturi mkono huu mdogo, sisi wa pwani tunaofukiza nguo kwa udi hatuhitaji kufafanuliwa.

Halafu mshumaa anaoushika akitembea usingizini. Mhudumu anamwambia daktari kwamba taa haikosi kando ya bibi yake, ni amri yake mwenyewe. Huyu ndiye aliyeuomba usiku mzito uje kulificha jambia! Zamani waigizaji waliushika mshumaa mpaka mwisho. Mwaka 1785, mwigizaji Sarah Siddons alipoigiza nafasi hii katika ukumbi wa Drury Lane, London, aliamua kuuweka chini ili mikono yote miwili iwe huru. Sheridan, msimamizi wa ukumbi, alipinga, naye hakukubali. Mfuate Siddons. Mtu hawezi kunawa kwa mkono mmoja.

Kifo chake hakionekani. Kinasikika kilio cha wanawake ndani, kisha Macbeth anaambiwa malkia amekufa. Ni mwisho kabisa ndipo Malcolm, mwana wa mfalme aliyeuawa, anapotaja kwamba inadhaniwa alijiua. Kilio kiwe kifupi na cha mbali, maana Macbeth lazima aulize ni kelele gani hizo. Wewe mwenyewe usikitoe, waachie wengine.

Meza ya mshumaa iwe ya chini ya kiuno na kinara kiwe na kitako kipana, la sivyo mkono wa gauni utakiangusha.

Wako,
Zainabu