Siku 126 za kuugua, ila usiugue sonona

Mhariri,

Nina miaka 48, natunza stoo ya kampuni moja hapa Dar es Salaam. Mwaka juzi nilianza kushtuka usingizini saa nane usiku, kila siku saa nane, napiga hesabu: ada ya binti chuoni, dawa za mama kijijini, rejesho la kikoba, mchango wa harusi ya mpwa (na kadi nyingine mbili ziko mezani zinanitazama). Mchana nakosea kuhesabu mali, hadi bosi akaniuliza kama siku hizi nakunywa.

Nikaenda hospitali kulalamikia moyo kwenda mbio. Daktari akapima presha, akapima sukari, kisha akaweka kalamu chini: "Mzee, nyumbani kukoje?" Sikuwa nimelia mbele ya mtu tangu tulipomzika baba. Siku ile nililia. Akasema ni sonona, akanipa ED, karatasi ya daktari ya kupumzika kazi, ya siku 14. Nikamsihi aandike presha. Kwa kuwa kweli ilikuwa juu kidogo, akakubali.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatupa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Haikusema ni za malaria na mguu uliovunjika tu. Lakini kwetu ED inapita mapokezi, kwa msimamizi, ndipo ifike utumishi. Ikifika huko hata dereva ameshaisoma. Mwenzetu mmoja aliwahi kuleta karatasi ya kliniki ya akili. Mpaka anaacha kazi, jina lake lilikuwa "Mirembe", ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Mimi wa presha nililetewa matunda.

Mwaka 2024 kaulimbiu ya Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 10, ilikuwa afya ya akili kazini. Sisi tuligawiwa fulana.

Fulana sikatai. Ninachoomba kwa waajiri ni kidogo zaidi ya hapo na hakina gharama: cheti kitaje siku za kupumzika na mhuri wa daktari, jina la ugonjwa libaki hospitali. Na ED iende moja kwa moja utumishi, ndani ya bahasha.

Faili langu hadi leo linasema presha. Dada wa mapokezi kila asubuhi ananiuliza kama nimepunguza chumvi.

Mtunza stoo,
Mbagala, Dar es Salaam