Mwanajeshi akipelekwa masomoni nje, familia nayo iandaliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalotugusa akina mama wengi tunaoishi na wanajeshi. Jina langu naomba ulihifadhi, kwa sababu mume wangu bado yuko kazini.

Mume wangu ni ofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Miaka michache iliyopita alichaguliwa kwenda kusoma katika Chuo cha Ukamanda na Unadhimu cha India, kilichoko Wellington, jimbo la Tamil Nadu. Tuliruhusiwa kufuatana naye, mimi na watoto wetu wawili. Kozi ile huanza Juni na kumalizika Aprili ya mwaka unaofuata. Ndiyo maana naandika sasa, maana mwaka huu tena kuna wake vijana wa wanajeshi wanaokuja kwangu jioni kuniuliza, "Dada, nibebe nini? Watoto watasoma wapi?" Nawajibu mmoja mmoja. Lakini wanaonifikia ni wale wanaonijua tu, na wasionijua ni wengi zaidi.

Sisi kambini tumezoea waume zetu kwenda kulinda amani Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati au Lebanon, na sisi kubaki. Kubaki tunakujua. Kuna majirani, kuna kikundi, kuna mama mkwe anayekuja kukaa na wajukuu. Kuondoka wote, mkafunga nyumba, mkaenda kuanza maisha kwenye nchi ambayo hata kununua vocha ya simu ni shughuli, ndiko ambako sijaona mama akifundishwa. Mwanajeshi anakwenda na barua yake, ratiba yake na watu wanaomsubiri. Mke anakwenda na masanduku.

Nianze na hali ya hewa. Hapa Dar es Salaam anayeijua India mara nyingi anaijua kwa kwenda kutibiwa Chennai au Mumbai, na atakuambia ubebe nguo nyepesi. Wellington iko kwenye milima ya Nilgiri, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, karibu sawa na Njombe, na mashamba ya chai yamezunguka kama Njombe. Ukifika Juni unapokewa na ukungu na manyunyu. Mvua kubwa huja Oktoba na Novemba, na hapo sare ya mtoto inaweza kukaa kwenye kamba siku tatu haijakauka. Januari usiku unalala na soksi. Anayekwenda na mtoto mdogo abebe masweta kutoka hapa. Mitumba ya Karume ina masweta mazuri kwa bei ambayo hataipata kule.

Halafu kuna wanyama. Nyati wa kule ni wakubwa kuliko ng'ombe yeyote niliyewahi kumwona, weusi, na miguu yao kuanzia magotini kushuka chini ni myeupe. Wanashuka kutoka msituni hadi uani kwa watu. Asubuhi moja nilifungua pazia la jikoni nikamkuta mmoja anakula maua ya mwenye nyumba, mvuke unamtoka puani, hana habari na mtu. Dubu na chui nao wapo. Mtoto wa Gongo la Mboto aliyezoea kutumwa dukani baada ya magharibi lazima afundishwe upya, na afundishwe siku ya kwanza, asisubiri hadi atishike.

Chakula ndicho wanachokiogopa wengi, nacho ndicho chepesi kuliko vyote. Sembe sikuiona, lakini unga wa ulezi upo madukani, na watu wa upande ule wanausonga na kuula kwa mchuzi kama sisi. Nazi zipo tele. Bamia ipo, ukwaju upo, mihogo inapanda kutoka Kerala, majani ya mlonge wanayapika kama mboga ya kila siku. Ndani ya mwezi mmoja watoto wangu walikuwa wanakula ugali wa ulezi na bamia bila kulalamika. Nasema haya kwa sababu nawajua waliobeba unga kilo kwa kilo kwenye ndege na kuacha vitabu vya shule vya watoto nyumbani kwa kuhofia uzito wa mzigo. Kwenye vitabu nitarudi.

Pesa na simu nipite haraka. Kadi ya simu wanataka pasipoti, viza na uthibitisho wa unapoishi. Malipo kule, hata kwa muuza karoti wa barabarani, yamehamia kwenye simu, na bila akaunti ya benki ya kwao unatembea na noti. Mke asimwachie mume mambo haya yote, kwa sababu mume atakuwa darasani au kwenye ziara za mafunzo, na ni mke atakayekuwa sokoni.

Sasa nieleze la homa. Wiki za mwanzo mtoto wangu mdogo alianza kutetemeka usiku, akatapika, asubuhi akaamka anacheza. Kesho yake usiku homa ikarudi. Mama wa Dar es Salaam hahitaji kuambiwa homa inayokwenda na kurudi hivyo ni ya nini. Mume alikuwa safarini na wenzake. Jirani, mke wa meja wa Kihindi, alitutia kwenye gari lake akatupeleka kwa daktari. Kwenye baridi ile malaria si ugonjwa anaokutana nao kila siku, na daktari, kijana mwenye adabu sana, alianza kuuliza habari za mafua na mabadiliko ya hewa. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule kwamba tumetoka Dar es Salaam majuzi tu, naomba apime damu. Hakubisha. Aliagiza kipimo palepale, vimelea vikaonekana, mtoto akaanza dozi siku hiyohiyo.

Vimelea vya malaria hukaa mwilini wiki moja, mbili, wakati mwingine zaidi, kabla homa haijaanza. Mtoto aliyeumwa na mbu Gongo la Mboto anaweza kuugulia mlimani, kwa daktari ambaye hajui ametoka wapi. Sentensi moja tu, "Tumetoka Tanzania, pima malaria", inatakiwa iwe kichwani mwa kila mama anayekwenda nchi ya baridi, iwe India, China, Uingereza au Marekani. Mimi nilijua kuisema kwa bahati ya kusoma hadi kidato cha nne. Nilikuwa nikimwangalia mtoto amelala, nikawawaza wenzangu ambao Kiingereza hakipandi, na hadi leo nawawaza.

Yule jirani hakuwa msamaria aliyepita njia tu. Wanajeshi wa Kihindi na familia zao wanahamishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, leo Kashmir, kesho Kerala, kwa hiyo wanaelewa maana ya kufika mahali usipomjua mtu. Wana chama cha ustawi wa wake wa wanajeshi, AWWA, kilichoanzishwa mwaka 1966, na kiongozi wake ni mke wa mkuu wa jeshi la nchi kavu. Kina shughuli nyingi, zikiwamo mafunzo ya ujuzi kwa akina mama na kusaidia wajane. Lakini kilichonigusa mimi ni mambo madogo ya pale tulipoishi. Siku ya pili baada ya kufika nilipata mwanamke wa kunionyesha soko, wa kuniambia gesi ya kupikia inaagizwaje, na wa kunipa namba yake akasema nimpigie hata usiku. Na nilimpigia usiku.

Pale palikuwa na familia za maofisa kutoka nchi nyingi. Tulipokutana wanawake wa Kiafrika tulijikuta tunaulizana maswali yaleyale, na aliyetangulia kufika wiki mbili ndiye aliyekuwa mwalimu. Mke wa mwanafunzi hana kibali cha kufanya kazi kule. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu cha Mwenge nilimwachia mdogo wangu, na ile miezi ilikuwa ndiyo mara yangu ya kwanza tangu niolewe kukaa bila shilingi yangu mwenyewe. Hilo nalo liongelewe kati ya mke na mume kabla ya safari, kwa sababu posho inakuja kwa jina la mume.

Lakini kwangu mimi kilichouma zaidi ni kurudi.

Mwanangu mkubwa aliondoka katikati ya Darasa la Tatu. Aliporudi, wenzake walikuwa Darasa la Nne, muhula wa kwanza umeshapita nusu, na upimaji wa taifa unawasubiri mwisho wa mwaka. Shule moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ikasema arudie Darasa la Tatu. Kwenye shule aliyokuwa akisoma kabla ya safari, daftari la mahudhurio lilimwonyesha mtoro, kwa sababu haikuandikwa popote kwamba yuko nje kwa muda na wazazi wake. Prem namba yake, ile namba ya usajili wa mwanafunzi, ikawa ya kufuatiliwa, nenda rudi, wakati watoto wenzake wanaendelea na masomo.

Na mtoto mwenyewe hakuwa mjinga. Alikuwa anagawanya na kuzidisha kuliko wenzake wengi, maana kule hesabu wanazikazania. Lakini mwalimu akiandika ubaoni "tafuta kigawe kidogo cha shirika cha 6 na 8", anakodoa macho. Akielezwa kwa Kiingereza, anakupa 24 kabla hujamaliza kusema. Jioni moja alirudi amelichana daftari lake la hisabati, akasema hataki kuitwa Mhindi tena. Nilikaa naye sakafuni tukalibandika kwa gundi ukurasa kwa ukurasa. Nilisikitika sana, kwa sababu kama ningekuwa na vitabu vyetu vya Darasa la Tatu na la Nne kule mlimani, tukasoma kurasa mbili kila Jumamosi, huyu mtoto asingepata aibu ile.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ninachoomba si fedha. Vikundi vya akina mama kambini tunavyo tayari. Tunaweka na kukopa, tunazikana, tunaozeshana. Naomba vikundi hivi vichukue na kazi hii. Kila mwaka, kabla ya watu kuondoka, akina mama waliorudi wakae mchana mmoja na wanaokwenda, watoto wakiwapo. Aliyetoka China azungumze na anayekwenda China, aliyetoka India na anayekwenda India. Waonyeshane nguo na waambizane habari za daktari. Anayekwenda apewe namba ya mama aliyeko kulekule sasa hivi, ili akishuka kwenye ndege awe na mtu wa kumuuliza kwa Kiswahili. Wakubwa wetu wakitupa ukumbi na kutuambia nani anakwenda wapi, mengine tutayafanya wenyewe.

Kwa walimu wakuu nina ombi moja. Mzazi akija kukuaga kwamba mtoto anakwenda nje na baba yake aliyetumwa na nchi, mwandikie kwenye kumbukumbu kwamba atarudi, na mwambie ni vitabu gani abebe. Akirudi, mpime kwanza anajua nini kabla ya kumrudisha darasa. Wapo walimu waliofanya hivyo. Mwanangu alipata mmoja, mama mtu mzima wa shule ya tatu tuliyoiendea, aliyemkalisha ofisini na karatasi ya maswali kwa lugha zote mbili, kisha akatuambia, "Huyu anakaa Darasa la Nne, Kiswahili niachieni mimi." Mtoto akafanya upimaji pamoja na wenzake na akafaulu.

Kwa wale wa Juni hii, masweta ya wanangu wameshayaacha kwa kukua, ninayo manne, pamoja na makoti mawili ya mvua. Vitabu vya Darasa la Tatu na la Nne pia ninavyo. Anayekwenda Wellington aulize kwa mwenyekiti wa kikundi chetu, ataelekezwa kwangu. Jumapili baada ya ibada huwa nipo nyumbani.

Mke wa Mwanajeshi,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam