Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Semina za uandishi wa hadithi za gemu na ziara za shuleni zilifanyika kama ilivyopangwa, mnazijua, sitazirudia. Kati ya wanachama 58, waliolipa ada ni 21, na mkutano wa katikati ya mwaka uliahirishwa kwa kukosa akidi, ingawa malalamiko kuhusu shindano letu la kuandika hadithi za gemu yaliletwa kwa wingi na watu ambao hatukuwaona ukumbini.

Malalamiko hayo yanahusu uamuzi wa kamati, uliotokana na pendekezo langu, wa kutowapelekea majaji hadithi yoyote inayoishia kwa bosi wa mwisho, yaani adui mkuu, kuuawa, ngome kubomoka na shujaa kushangiliwa. Hadithi zilizopokelewa zilikuwa 31, na 19 ziliishia hivyo hivyo. Imedaiwa kuwa tunamnyima mchezaji ushindi alioutolea jasho. Sikubaliani na dai hilo, kwa sababu ushindi anaoujua tangu dakika ya kwanza haumwachii cha kuamua.

Katika gemu ya Far Cry 4, ya mwaka 2014, mtawala dhalimu humwacha mchezaji mezani na kumwomba amsubiri. Karibu kila mtu hunyanyuka na kutoroka, na vita vyote huanzia hapo. Lakini anayetulia kitini kwa takriban robo saa humwona mtawala akirudi, akampeleka mahali pa kuweka majivu ya mama wa shujaa, na gemu ikaisha bila vita kupiganwa. Katika Outer Wilds, ya 2019, jua hulipuka kila baada ya dakika 22 na hakuna silaha ya kulizuia, hivyo anayefika mwisho ni aliyeelewa, wala si aliyeshinda. NieR: Automata, ya 2017, humuuliza mchezaji kama yuko radhi kufuta kumbukumbu yote ya gemu aliyoihifadhi ili kumsaidia mchezaji asiyemjua. Mwisho wa namna hiyo humgharimu mtu kitu, jambo ambalo sikuliona katika zile 19.

Walionitajia Mass Effect 3, gemu ambayo mwisho wake ulizua ghadhabu mwaka 2012 hadi watengenezaji wakatoa nyongeza ya bure, wamenisaidia bila kukusudia. Lalamiko kubwa la wachezaji lilikuwa kwamba maamuzi yao katika gemu zote tatu za mfululizo huo yaliishia katika miisho iliyofanana mno, iliyotofautiana zaidi kwa rangi. Walidai uzito wa maamuzi yao, na hicho ndicho ninachokidai mimi.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kupata ukumbi mkubwa zaidi na pengine kuigeuza hadithi iliyoshinda kuwa gemu fupi, fedha zikipatikana. Kanuni ya shindano itabaki ilivyo hadi mkutano mkuu uibadilishe kwa kura, na kwa mujibu wa katiba yetu, wapiga kura ni wale waliolipa ada.

Mwenyekiti