Betri isikae chini ya ngazi

Phoenix, Arizona

Ndugu yangu Shabani,

Salaam kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatutesa. Picha za betri nimezipata. Hongera, mgao wa umeme sasa mtausikia kwa majirani. Ila ile picha ya pili, ya stoo ya chini ya ngazi, na mlango wa chumba cha watoto hatua mbili pembeni, imeninyima usingizi.

Unasema ni lithiamu, haina asidi, na mtungi wa kuzimia moto umenunua. Sasa sikia kilichotokea mji jirani na hapa, unaitwa Surprise, yaani Mshangao. Sitanii, ndilo jina lake. Tarehe 19 Aprili 2019 jioni, moshi ulionekana kwenye banda la betri za kampuni ya umeme. Mtambo wa kuzima moto ulikuwemo, na ukamwaga gesi yake kama ulivyopangwa. Lakini gesi ile haipoozi seli, yaani vile vijibetri vilivyopangwa ndani. Seli moja ikishaanza kuchemka yenyewe humchemsha jirani yake, naye wa tatu, na kila moja inatema hewa zinazowaka, haidrojeni ikiwemo. Banda halikuwa na pa kupumulia, hewa zikajaa humo. Baada ya muda wa kama saa tatu zimamoto wakafungua mlango, oksijeni ikaingia, likalipuka. Wanne waliumia vibaya, na hao walikuwa na mavazi kamili na vipimo vya gesi. Kilichoiharibu seli ya kwanza, wataalamu walibishana sana.

Ndiyo maana stoo yako inanisumbua: kibanda kidogo, mlango mmoja, na shemeji anakwenda kuufungua ajue harufu inatoka wapi.

Huku kazini tunafuata kanuni za usalama wa betri zinazoitwa NFPA 855, toleo la kwanza ni la 2020. Kwa nyumba za watu, boksi moja la betri lisizidi yuniti 20, hizihizi za LUKU. Boksi na boksi ziachane futi 3, labda vipimo vionyeshe kwamba hata zikikaribiana moto hauhami. Ukutani nje, futi 3 kutoka mlango au dirisha. Chumba cha kulala ni marufuku kabisa. Mkaguzi asiporidhika hatuwashi, hata mteja anune. Halafu kuna kipimo cha UL 9540A: wanaichemsha seli makusudi waone kama jirani yake atashika. Muulize aliyekuuzia kama ya kwako ilipimwa hivyo. Akianza kuzungumzia waranti, ujue hajui.

Najua kanuni hizo si za kwetu, na yako ni yuniti 5 tu. Stoo nayo si kubwa.

Ihamishie ukuta wa nyuma ya jiko, chini ya paa, jua lisiipige. Waya utaongezeka mita chache na fundi atalalamika; mlipe. Siku ukisikia inazomea au inafuka, toa watoto, usifungue kitu, mtungi uache ulipo, piga 114 ya zimamoto na uwaambie mapema kwamba ni lithiamu.

Nipigie picha ule ukuta, na upime umbali mpaka dirisha la jikoni. Tumia futi ya fundi, siyo hatua zako. Nakumbuka ulivyopima kiwanja cha mjomba.

Wako,
Juma