Kwenu vijana mnaotunyang'anya simu

Wanangu,

Acheni kusema "wazee hawataki intaneti." Wengi wanataka, ninyi ndio mnaowakatisha tamaa. Mzee anauliza namna ya kutuma picha, mnampokonya simu, mnagusagusa upesi, mnamrudishia: "Tayari." Amejifunza nini hapo? Kwamba anawachelewesha. Kesho hatauliza.

Simu ikae mkononi mwake, akosee asikosee. Kabla ya somo, ingieni kwenye mipangilio, kuzeni maandishi, kisha kwenye ufikivu, sehemu ya kurahisisha matumizi ya simu, ongezeni muda wa kugusa na kushikilia. Vidole vyetu huwa vikavu, kioo hakivitambui vizuri. Mzee anabonyeza kwa nguvu, anakawia, simu inadhani ameshikilia, na menyu asiyoiomba inachomoza. Hapo ndipo anaposema "nimeiharibu" na kuiweka chini. Mwambieni mapema kwamba kitufe cha kurudi nyuma kitamtoa karibu kila mahali. Siku moja, jambo moja, alirudie mara tatu bila msaada, hatua aziandike kwa kalamu, kwa maneno yake mwenyewe. Mkimwandikia ninyi, mtaandika lugha yenu.

Na jambo hilo liwe analolihitaji yeye. Mwaka 1989 mtafiti Fred Davis alieleza kwamba mtu huikubali teknolojia akiona inamfaa na haimsumbui. Ninyi mnahangaika na usumbufu, faida hamjamwonyesha. Mkulima mfungulieni utabiri wa mvua kabla ya vichekesho.

Bando: zimeni upakuaji wa picha na video unaojiendesha, na masasisho yasubiri waifai. Nywila: daftarini, daftari libaki nyumbani. Namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe: asimpe mtu, hata anayejitambulisha kuwa wa benki.

Anayeogopa matapeli msimcheke. Hofu yake ina akili kuliko ujasiri wenu wa kubofya kila kiungo.

Lawama si zenu peke yenu. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulikadiria kwamba mwaka 2024 watu bilioni 2.6 hawakuwa wakitumia intaneti, na bado wapo wakubwa wanaofunga madirisha ya huduma na kuacha tovuti tu. Kisha wanashangaa mzee kumkabidhi kijana wa mtaani nywila zake zote! Mahali kama hapo, daini dirisha libaki wazi huku mkiendelea kufundisha.

Ujumbe wake wa kwanza ukifika na makosa ya herufi, mjibuni. Msiusahihishe.