Barua kwa mwanangu Neema: usisaini hiyo nyumba ya Katy Jumamosi

Neema mwanangu,

Marahaba mama. Meseji yako imenikuta jana usiku niko Van Horn nimeshalaza lori, nikafungua zile picha za hiyo nyumba ya mtaa wa Katy, hapo nje ya Houston, moja moja, vyumba vinne, jiko kubwa, uwani pa Baraka kukimbiza mpira, dola 299,990, na chini umeandika "baba Jumamosi naweka sahihi". Usingizi ukakata. Nilimpigia mama yako akapiga vigelegele mpaka majirani wakasikia, maana toka uhamie huko California kila siku ni Neema atarudi lini, na mimi nataka urudi Houston kuliko hata yeye anavyotaka. Ila nakuomba Jumamosi usisaini kitu. Nisome mpaka mwisho kwanza.

Najua kinachokusukuma. Renti dola 2,300 vyumba viwili tu hapo Fontana, na ukisema ununue, nyumba ya kawaida inaanzia laki sita. California yote bei ya kati ilishavuka laki nane zamani, mwezi wa nne 2024 ilifika hata laki tisa, wakati Texas iko kwenye laki tatu na arobaini hivi. Mtu akiweka namba hizo mbili pamoja lazima afunge mizigo. Mimi nawaona kila wiki kwenye I-10, malori ya kukodi yamefungwa baiskeli za watoto nyuma, yanaelekea mashariki, na hata makampuni makubwa yamefanya hivyo hivyo, Oracle 2020, Tesla 2021, sasa na Chevron wanahamishia makao makuu Houston. Na mafuta, wewe mwenyewe unajua, mimi najaza tenki Quartzsite kabla sijavuka mto Colorado maana ukishaingia tu Blythe galoni ya dizeli inaruka. Kwa hiyo sisemi kwamba Texas sio rahisi. Nasema bei uliyoiona wewe ni ya kuingilia mlangoni.

Unajua Kiswahili chetu neno ni moja, kodi. Kodi ya kupanga ni kodi, na ya serikali ni kodi. Basi Texas ukinunua nyumba unadhani umeikimbia ya kwanza, kumbe unahamia kwenye ya pili. Kodi ya mapato jimbo hawakukati hata senti, na 2019 wapiga kura waliiandika mpaka kwenye katiba isije ikaletwa kirahisi, lakini shule, kaunti, barabara na zimamoto vinataka hela, na hela inatoka kwenye nyumba yako. Alafu mitaa mipya kama huo wa Katy kuna na kitu kinaitwa MUD, wilaya ya maji, ndio inayolipia mabomba na mitaro ya mtaa mzima kwa miaka mingi. Nimeangalia tangazo lako chini kabisa kwa maandishi madogo, jumla ya kodi ni asilimia 3.1. Piga hesabu: 9,300 kwa mwaka, yaani 775 kila mwezi kabla hujagusa deni lenyewe wala bima. Kuna punguzo la mwenye kuishi ndani, homestead, lile walilolipandisha mpaka dola 140,000 za thamani ya nyumba kwenye kodi ya shule, litakusaidia, ila lazima uliombe mwenyewe haliji lenyewe, na MUD haliigusi.

Ngoja nikwambie kitu ambacho hatukuwahi kukwambia kwa vile ulikuwa chuo na hatukutaka ukatize masomo. Hii nyumba yetu tulinunua katikati ya 2019, mpya kabisa, 245,000, na malipo ya mwezi yakaja 1,490 tukasema Mungu mkubwa. Sasa kodi huku wanathamini mali ilivyokuwa tarehe 1 Januari, na tarehe 1 Januari 2019 pale palikuwa na kiwanja kitupu. Kwa hiyo mwaka wa kwanza tulilipa kodi ya kiwanja! Mkopeshaji akajaza eskro, ule mfuko anaokukusanyia kodi na bima kila mwezi, kwa namba hiyo hiyo ndogo na hakuna aliyetuambia. Mwanzoni mwa 2021 ikaja bahasha. Niliifungulia mezani jikoni, mama yako anakuna nazi, nikasoma mara tatu nikadhani wamekosea jina. Malipo yametoka 1,490 yamekuwa 2,430. Nusu ya nyongeza ni kodi kamili ya nyumba, nusu nyingine ni kufidia pengo la mwaka uliopita. Mama yako akaacha mbuzi pale pale akaenda kukaa chumbani. Mwaka ule mimi nilikuwa natembea wiki tatu sirudi nyumbani, na yeye alichukua shifti za usiku za kutunza wazee, ndio maana ulikuwa ukipiga simu humpati. Baadae ilishuka ikakaa kwenye 1,950, lakini ule mwaka ulitukondesha.

Na hiyo nyumba unayotaka ni mpya pia. Hiyo "malipo kuanzia" waliyokuandikia muulize yule wa mauzo wamehesabu kodi ya kiwanja au ya nyumba iliyokamilika, akupe kwa maandishi.

Mwezi wa pili mwaka huo huo wa 2021 ndio ikaja ile baridi kubwa. Umeme ulikatika siku tatu, tukahamishia magodoro yote chumba kimoja, tukapikia mkaa nje uwani na makoti mwilini kama tuko Kilimanjaro. Siku ya tatu bomba la darini likapasuka na dari ikashuka yote juu ya kitanda chako, kitanda chako wewe, namshukuru Mungu hukuwepo. Serikali ya Texas yenyewe ilihesabu watu 246 waliokufa kwa baridi ile. Na Julai 2024 kimbunga Beryl kimepita, wateja zaidi ya milioni mbili gizani kwenye joto la kukausha samaki, sisi siku sita. Sikutishi, huko nako mna moto, Januari 2025 Altadena imeteketea sio mbali na kwako. Ila ukinunua Katy uangalie ramani ya mafuriko kabla ya kuangalia jiko, maana kimbunga Harvey 2017 kuna mitaa upande huo, nyuma ya mabwawa ya Addicks na Barker, watu waliingiliwa na maji ndani bila kujua kwamba wamejengewa mahali ambapo bwawa likijaa ndio maji hukaa. Bima ya nyumba ya kawaida mafuriko hailipi. Ya mafuriko inakatwa peke yake na kwa kawaida inasubiri siku 30 kabla haijaanza kufanya kazi.

Sasa kazi yako ya unesi, hapa ndio nataka ukae chini na karatasi. Unalipwa 61 kwa saa, na hospitali iliyokuhoji huku imesema 38. Kwa saa zako 36 za wiki hiyo tofauti ni zaidi ya dola 43,000 kwa mwaka. Kodi ya jimbo ya California haikukati hela hiyo hata ukivuta vipi. Na sio wewe tu, manesi wa California wastani wao ni zaidi ya 130,000 na wa Texas karibu 90,000. Alafu ile sheria ya huko ya toka 2005 kwamba nesi wa wodi ya kawaida asipewe wagonjwa zaidi ya watano, huku haipo. Mtoto wa shangazi yako anafanya Houston, kuna usiku anabeba saba wanane, anakuja kwetu asubuhi anasinzia na kikombe cha chai mkononi. Wewe ulisomea kazi hii ukiwa unalia na vitabu saa nane za usiku. Sitaki nikuone umerudi karibu yangu ukaichukia. Na leseni yako ya California haivuki, utaomba ya Texas upya, hilo nalo lianze mapema kama kweli unakuja.

Renti pia usidhani huku kuna wa kukushika mkono. Jengo lako kama lina zaidi ya miaka 15 huko wanabanwa, hawapandishi zaidi ya asilimia 5 na mfumuko wa bei, na isizidi 10 kwa mwaka. Texas mkataba ukiisha mwenye nyumba anakuandikia anachotaka. Na ukinunua huko kwenu, sheria yao ya 1978 thamani ya kodi haipandi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka, ndio maana yule bibi jirani yako bado yupo pale. Angalia tu mitaa mipya yenye Mello-Roos, hiyo ni ndugu yake MUD.

Kuna jambo moja sina jibu lake, kifua cha Baraka. Najua kaunti yenu ya San Bernardino ndio mbaya kuliko zote Marekani kwa ule moshi wa kiangazi, na najua unatoka wapi, unatoka kwenye maghala na malori, na mimi ni mmoja wa wanaouleta. Kila nikishusha mzigo Fontana nikakuta ile pampu yake ya pumu iko mezani moyo unaniuma sana. Ukiniambia unahama kwa ajili ya kifua cha mtoto nitakuelewa bila hesabu yoyote. Ila Houston nayo kuna viwanda vya mafuta, kwa hiyo muulize daktari wake kwanza, usimuulize dalali.

Babu yako Tanga alijenga ile nyumba ya Makorora miaka kumi na moja, tofali za leo, mwakani bati, na alipomaliza alimaliza. Mpaka leo kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU ya umeme haifiki hata shilingi elfu mbili kwa mwezi. Mimi nilikuja huku na akili hiyo hiyo, kwamba nyumba ikiisha deni umepumzika. Hapa deni likiisha kodi inabaki, na kila mwaka kabla ya tarehe 15 Mei napeleka pingamizi kwa wathamini wa kaunti na picha za nyufa. Ndio nyumba yangu, naipenda, mama yako kapanda mchaichai na mpilipili pale nyuma. Lakini nilitaka uijue ilivyo.

Ukitaka kuja kwa ajili yetu, njoo. Chumba chako dari ilishapigwa upya. Kaa na sisi mwaka mmoja usilipe kitu, tafuta kazi inayokuheshimu, alafu tutafute nyumba iliyotumika, ambayo kodi yake ya miaka mitano nyuma inaonekana kwenye mtandao wa kaunti. Ila usije kwa sababu ya hiyo 299,990.

Nina mzigo wa Ontario, hapo jirani yako Fontana, wiki ijayo, nashusha Alhamisi mchana, nitakuwa kwako jioni. Nitolee slipu zako tatu za mwisho za mshahara na mkataba wa renti, na mwambie yule wa mauzo kwamba unamsubiri baba yako. Mama katuma dagaa wa Kigoma na unga, na Baraka mwambie babu anakuja na lori, atapanda mbele.

Baba yako