Barua kutoka Leicester: mchezo wa televisheni na kesi za posta

Leicester,
10 Agosti 2025

Mpendwa rafiki yangu Zainabu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mzee na watoto. Baada ya salamu, nakushukuru kwa barua yako uliyoniuliza kama ni kweli kwamba huku Uingereza mchezo wa televisheni ulilisukuma Bunge kutunga sheria. Ni kweli, na kwa kuwa umefunga hesabu za chama chenu cha akiba na mikopo kwa miaka mingi, kisa hiki utakielewa kuliko watu wengi.

Posta nyingi za vijijini huku zimo ndani ya maduka, na huendeshwa na mawakala ambao mkataba uliwataka wafidie upungufu wa fedha kutoka mifukoni mwao. Kuanzia mwaka 1999 waliwekewa mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, wa kampuni ya Fujitsu, nao ulikuwa na kasoro: ulionyesha kwamba zimepotea fedha ambazo hazikupotea kamwe. Jo Hamilton, wa kijiji cha South Warnborough, alipiga simu kuomba msaada, akafuata maelekezo aliyopewa, na upungufu wa pauni 2,000 ukaongezeka maradufu mbele ya macho yake. Mwishowe alidaiwa pauni 36,000, na akakiri kosa la kuandika hesabu za uongo ili shtaka la wizi liondolewe. Seema Misra alifungwa Novemba 2010 akiwa mjamzito, siku ile ile mwanawe alipotimiza miaka 10. Waliotiwa hatiani walizidi 900, na wengi wao, kila walipopiga simu, walijibiwa kwamba hakuna wakala mwingine mwenye tatizo kama lake. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi ya yote, Zainabu, kwa sababu mtu aliyeaminishwa kwamba yuko peke yake huanza kuishuku hata akili yake mwenyewe.

Alan Bates, aliyenyang'anywa posta yake huko Llandudno mwaka 2003, hakukubali. Aliwatafuta wenzake mmoja mmoja, na mwaka 2009 gazeti la wataalamu wa kompyuta, Computer Weekly, likaandika habari za saba kati yao. Waandishi wale wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Mwaka 2019 mawakala 555 walilishinda shirika la posta katika Mahakama Kuu, lakini sehemu kubwa ya malipo ya pauni milioni 58 ilimezwa na gharama za kesi. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu za watu 39 kwa mpigo. Kwa hiyo ukweli ulikuwa umekwisha kuthibitishwa na kuandikwa, na bado mamia walibaki na doa la wizi.

Kisha, kuanzia tarehe 1 hadi 4 Januari 2024, kituo cha ITV kikaonyesha mchezo wa sehemu nne unaoigiza kisa hiki, Mr Bates vs The Post Office. Tarehe 9, Paula Vennells, aliyewahi kuwa mkuu wa shirika la posta, alitangaza kuirudisha nishani yake baada ya watu zaidi ya milioni moja kutia saini wakitaka anyang'anywe. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Rishi Sunak aliahidi sheria, nayo ikapita Mei, ikafuta hukumu kwa mamia bila kila mmoja kulazimika kurudi mahakamani.

Mimi niliutazama mchezo huo na jirani yangu, mama wa Kiingereza ambaye alikuwa amezisikia habari hizi redioni kwa miaka, na usiku ule alilia. Nadhani masikioni mwake zilikuwa habari za kompyuta, na sasa zikawa za mama muuza duka anayehesabu noti usiku, akirudia na kurudia. Nawashukuru waliouandika na kuuigiza. Lakini linanisumbua sana jambo hili, kwamba hukumu ya jaji ilikuwepo miaka minne kabla na haikutosha. Mwezi uliopita ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa kashfa hii, unaoongozwa na jaji mstaafu Sir Wyn Williams, ilieleza kwamba huenda watu wasiopungua 13 walijitoa uhai kwa sababu ya mateso haya. Hao hakuna sheria iliyowawahi.

Nijibu, tafadhali: chamani kwenu, kompyuta ikisema hivi na sanduku la fedha likisema vile, nani huanza kuulizwa, mhudumu au fundi wa mitambo?

Wako akupendaye,
Mwajuma